Gare Moja, Yangu Mwenyewe: Kumuaga Anselme Semahoro wa Nyumba ya Pampu

Jumanne ijayo, tarehe 30 Juni 2015, saa kumi na moja jioni, Bwana Anselme Semahoro atazima pampu ya ziwa la Nakivale kwa mara ya mwisho na kukabidhi funguo, baada ya miaka kumi na minane na miezi mitatu ya utumishi. Waandaaji wa sherehe ya leo wametuomba sisi wa Kitengo cha Maji tuandike kurasa chache juu ya kazi yake ya maji, nasi tutaiandika. Lakini tusidanganyane. Kila aliyefika hapa Base Camp leo, kuanzia wahandisi waliotoka Mbarara asubuhi hadi akina mama wa kwaya waliokwisha kukalia viti vya wahandisi, amekuja na swali moja, nalo halihusu maji hata kidogo. Anataka kujua ilikuwaje kuhusu reli.

Kwa wageni wachache wasiojua, maelezo ni haya. Ndani ya nyumba ya pampu, kando ya mitambo miwili ya kuvuta maji, kulikuwa na meza ya mbao yenye urefu wa mita tatu na upana wa mita moja na nusu. Juu yake Bwana Anselme alijenga reli ndogo yenye stesheni, daraja, handaki, vilima, ng'ombe na treni inayotembea kwa betri ya pikipiki. Aliijengea humohumo ndani, na alipomaliza akagundua jambo ambalo fundi yeyote angeligundua siku ya kwanza: meza ni pana kuliko mlango. Nyumba ya pampu inabomolewa tarehe 1 Julai kupisha mitambo mipya. Nyumba yake mwenyewe huko Misiera ina sebule inayotosha viti vinne, mradi asiwepo mtu wa kuvikalia. Tangu mwezi wa Aprili, basi, mzee wetu amekuwa akikabiliwa na hatari ya kustaafu akiwa na pensheni, cheti, na kuni za kupikia zilizotokana na kazi ya maisha yake.

Tuanze mwanzo, kwa heshima ya waandaaji. Bwana Anselme alizaliwa mwaka 1955. Baba yake alitoka katika milima ya Kivu Kusini akaajiriwa kaskazini mwa Katanga kama mgeuza njia za reli, yaani yule mtu anayevuta mkono wa chuma ili treni iende upande unaotakiwa. Familia iliishi mita thelathini kutoka stesheni. Kwa miaka tisa mtoto Anselme aliona treni zikija na kuondoka bila yeye. Mwaka 1964 familia ikarudi Kivu, na hatimaye akapanda. Walisubiri stesheni siku mbili, mtoto akikataa kulala asije akakosa kitu. Filimbi ilipopulizwa akalala, na akaamshwa mwisho wa reli. Hiyo ndiyo safari pekee ya treni aliyowahi kusafiri katika maisha yake, na hana anachokumbuka isipokuwa shavu lililokuwa na alama za kikapu.

Alifika makao ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, mwishoni mwa mwaka 1996, yeye na mkewe, Mama Mariette, na godoro moja. Tarehe 1 Aprili 1997 aliajiriwa kuchimba mitaro ya mabomba. Miezi mitano baadaye mwendesha pampu wa zamani alipata kazi Bwizibwera katika kituo cha maziwa, akisema maziwa hayahitaji shabu wala klorini, na Anselme akapewa nafasi yake kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa akiingia nyumba ya pampu bila kuziba masikio.

Masikio hayo yameiokoa ofisi mara nyingi kuliko ofisi ilivyo tayari kukiri. Mwaka 2001 aliandika katika taarifa ya siku kwamba pampu ya pili "inaimba mubaya". Ofisi ilimjibu kwa barua kwamba pampu haziimbi. Siku kumi na moja baadaye beringi ilivunjika, na makao yote kuanzia Base Camp hadi Misiera yangekaa bila maji kama Anselme asingekuwa ameshaifungua pampu ya kwanza, akaisafisha na kuiweka tayari. Tangu mwaka huo fomu yetu ya kila siku ina safu inayoitwa "Sauti". Wahandisi vijana huijaza "kawaida". Anselme huijaza "nzuri", "inalalamika", au, siku moja ya mwezi wa Julai 2010, "inacheka, sijui sababu". Alipoifungua alimkuta kambare ndani ya chujio.

Ameshafundisha waendesha pampu kumi na mmoja. Mtihani wake ni mmoja: mwanafunzi anafumba macho na kusema ni pampu ipi inayofanya kazi, imejaa kiasi gani, na kama mwalimu wake amesimama karibu nayo. Bi Kantengwa, atakayemrithi wiki ijayo, ndiye pekee aliyefaulu swali la tatu, ingawa anakiri kwamba alisaidiwa na harufu ya gundi.

Sasa tumefika kwenye gundi.

Reli ilianza mwaka 1997 kama njia ya kukaa macho. Pampu inataka mtu wa kuisikiliza kutwa nzima, na mtu anayesikiliza tu husinzia. Anselme alihitaji kazi ya mikono isiyopiga kelele. Aliokota waya wa baiskeli akaunyoosha, na kabla ya Krismasi alikuwa na nusu mita ya reli isiyokwenda popote. Vipimo alivichukua kwenye kiberiti: njiti moja ni mtu mzima mmoja. Mlango ni njiti moja na kidole cha mtoto. Behewa ni njiti kumi. Kila alichokikumbuka cha stesheni ile ya utotoni alikipima kwa watu, akawageuza watu kuwa njiti. Mhandisi mmoja aliyekuja na rula na kikokotoo alithibitisha kwamba vipimo vyote vinalingana, kisha akairudisha rula mfukoni na kuondoka.

Mabehewa yalitokana na makopo ya mafuta ya msaada, na ukitazama upande wa ndani bado utasoma kwamba hayauzwi. Mataruma ya kulazia reli, elfu mbili na mia moja na arobaini, yalikatwa kwenye vijiti vya mishikaki vilivyotumika, ambavyo Anselme aliviomba kwa wachoma nyama wa Mbarara kila alipotumwa huko kuchukua vipuri. Wachoma nyama waliamini kwa muda mrefu kwamba ametumwa na manispaa kuhesabu nyama. Kokoto za reli ni mchanga wa ziwa uliochujwa kwa chujio la chai la Mama Mariette, ambalo lilitangazwa kupotea mwaka 1999 na bado linatafutwa rasmi. Miti ni dodoki lililochovywa rangi ya kijani. Kutu iliyo kwenye kichwa cha treni ni kutu halisi, iliyokwanguliwa kwenye bomba la ofisi na kuchanganywa na uji wa muhogo. Hii ndiyo mali pekee ya ofisi ambayo Anselme amewahi kuichukua, na tunadhani tunaweza kuisamehe.

Ng'ombe ni wa udongo, na pembe zao ni miiba ya migunga. Mfugaji mmoja wa Endiinzi, aliyefika kulalamika kuhusu birika la kunyweshea mifugo, aliisahau hoja yake mara tu alipoona meza. Alizunguka mara mbili, mikono nyuma, kisha akamwambia Anselme kwamba ng'ombe wa tatu ana mimba na hapaswi kusimama karibu na reli. Anselme alimtazama ng'ombe huyo kwa makini, akakubali, akamhamishia kilimani.

Ajali za reli ni moja tu. Kwa kuwa abiria walikuwa njiti, vichwa vyao vilikuwa vya kiberiti. Mwaka 2002 cheche iliruka kutoka kwenye waya wa betri na behewa la daraja la pili likaungua ndani, abiria kumi na wanne wakateketea. Anselme alisimamisha huduma kwa siku tatu. Treni iliporudi, abiria wote wa reli ile walikuwa wamekatwa vichwa na kubandikwa vingine vya ushanga, na hakuna aliyelalamika.

Watu wengi wamemuuliza kwa nini stesheni imetengenezwa kwa makini namna ile, saa isiyo na mshale wa dakika, benchi lenye ubao mmoja uliovunjika, ufa ukutani, doa la maji chini ya tangi, wakati njia yenyewe inapita mahali pasipo na maana yoyote, ikitoka Katanga kwa handaki moja na kutokeza kwa ng'ombe wa Endiinzi. Jibu lake ni la haki kabisa. Stesheni aliiona kwa miaka tisa, na siku mbili za mwisho bila kupepesa. Njia hakuiona. Kwa hiyo stesheni ni kumbukumbu, na njia ni uvumi.

Hatuwezi kuliacha jambo la kiboko. Mwaka 2003, katika mwezi wa Mei, kiboko dume alitoka ziwani saa moja asubuhi akalala mbele ya mlango wa nyumba ya pampu hadi saa kumi na mbili jioni. Ofisi ilituma ujumbe wa kumtia moyo mtumishi wetu aliyezingirwa, akajibu kutokea dirishani kwamba kiboko asiguswe. Tulidhani anamhurumia mnyama. Siku ile alimaliza daraja.

Na mwaka 2004, ndugu zangu, ndipo ilipotokea ile habari ambayo Bwana Rwakabuba, aliyekuwa msimamizi wa mali katika ofisi ya Mbarara na ambaye ameketi mstari wa mbele, ametupa ruhusa kuisimulia, ingawa si kwa maandishi.

Ofisi ilikuwa imeagiza kila mtumishi aorodheshe vitu vyote vilivyomo katika jengo analolitunza. Anselme aliandika kwa Kiswahili cha kwao, ambacho Kifaransa huingia ndani yake bila kubisha hodi. Alitaja pompe mbili, clé, yaani spana, ya mabomba, ndoo nne, na mwisho, kwa kuwa ni mtu mkweli, akaongeza: "Gare moja, yangu mwenyewe, niliijenga pole pole." Kila Mkongomani anajua kwamba gare ni stesheni. Ofisi ya Mbarara haikuwa na Mkongomani. Ilikuwa na Bwana Rwakabuba, ambaye alichukua kalamu nyekundu, akasahihisha tahajia, na kusoma kwamba mwendesha pampu wa Nakivale anamiliki gari, analificha katika jengo la ofisi, na amelijenga polepole.

Neno "polepole" ndilo lililomnyima usingizi. Miezi hiyo pikapu ya zamani ya ofisi, iliyoegeshwa nyuma ya jengo kule Mbarara, ilikuwa ikipungua. Wiki hii taa, wiki ijayo kiti cha dereva, kisha mlango. Hakuna aliyejua vipuri vinakwenda wapi. Na hapa palikuwa na mtu aliyefika Mbarara kila mwezi na kurudi na mfuko.

Tarehe 9 Machi 2004, Bwana Rwakabuba aliwasili nyumba ya pampu akiwa na askari polisi wawili, dereva, na mnyororo wa kuvutia magari. Tunayo mazungumzo yao kwa sababu askari mmoja aliyaandika kwenye daftari lake kama ushahidi, na baadaye akatupatia nakala kama burudani.

"Wewe muzee," akasema Bwana Rwakabuba, "gari iko wapi?"

"Gare njo hii, chef," akajibu Anselme, akinyoosha mkono kuelekea mezani.

Bwana Rwakabuba akainama akatazama chini ya meza. Palikuwa na ndoo nne, sawasawa na orodha.

"Mimi nauliza gari. Ile wewe naandika kwa karatasi. Gari moja, yako, najenga pole pole."

"Njo hii. Miaka saba."

"Inatembea?"

"Hapana, chef. Gare haitembeake. Train njo inatembeaka. Gare inabakiaka fasi moja."

Kwa mujibu wa daftari, hapo askari wa pili akasema kwa sauti ya chini, "Afande, hii si gari. Hii ni stesheni." Anselme, akidhani wamekuja kama wageni wengine wote, aliunganisha betri. Treni ikatoka handakini, ikavuka daraja, ikasimama mbele ya jukwaa. Askari wote wawili wakaomba irudie. Dereva aliweka mnyororo chini.

Bwana Rwakabuba hakuomba irudie. Alikuwa amesafiri kilomita sitini kukamata gari, na mtu wa aina yake harudi mikono mitupu. Alitamka kwamba, gari au si gari, hii ni mali binafsi katika jengo la ofisi, na iondolewe ndani ya siku saba. La sivyo itaondolewa na ofisi, na mwenye mali ataondoka nayo.

Anselme hakubishana. Alimwomba tu Bwana Rwakabuba amsaidie kushika upande mmoja wa meza. Wakaibeba hadi mlangoni, wakaigeuza kushoto, wakaigeuza kulia, wakaisimamisha, na ng'ombe wawili wakaanguka. Haikupita. Dereva akasema dawa ni kutoa matofali. Bwana Rwakabuba akakubali, kisha akakumbuka kwamba ukuta ni mali ya ofisi, na kuubomoa ukuta wa ofisi kunahitaji ombi la maandishi kwa msimamizi wa mali, ambaye ni yeye, na kwamba yeye hana mamlaka ya kuidhinisha uharibifu wa mali anayoisimamia. Anselme aliliandika ombi hilo palepale, kwa mwandiko mzuri. Bwana Rwakabuba akalipokea, akalipiga muhuri wa kupokelewa, akaondoka nalo. Kwa miaka kumi na mmoja iliyofuata, reli ya Bwana Anselme ilikuwa katika orodha yetu ya mali kwa maneno haya: "Stesheni moja, inasubiri kuondolewa." Mwizi wa pikapu alipatikana mwaka huohuo. Hakuwa na uhusiano wowote na reli, wala na sherehe hii.

Jambo la kumsifu Bwana Rwakabuba ni kwamba alianza kupitia Nakivale mara nyingi kuliko kazi ilivyomtaka, kufuatilia utekelezaji, kama alivyoandika. Taa ndogo ya jukwaani, ambayo zamani ilikuwa taa ya dashibodi, ni zawadi yake. Tumeombwa tusiulize ilitoka kwenye gari gani.

Tumfikie Mama Mariette, maana asiyemtaja leo atapata taabu kula. Kwa miaka kumi na minane msimamo wake kuhusu reli haukuyumba. Jirani akija kumuulizia mzee, alijibu kwamba yuko safarini, na kuna familia mbili pale Misiera ambazo mpaka mwaka jana ziliamini kwamba Anselme anafanya kazi Kampala. Aliwahi kuitangazia kwaya nzima kwamba yeye aliolewa na mutu, si na gare. Katika miaka yote hiyo aliingia nyumba ya pampu kila mchana na sahani ya chakula, akaiweka juu ya pampu ya kwanza, na hakuna aliyemwona akitazama meza.

Mwezi wa Aprili mwaka huu ikaja barua ya mitambo mipya. Jengo litabomolewa, ukuta, basi, hauna thamani tena. Katika siku zake za mwisho kazini, kwani yeye naye amestaafu mwaka huu, Bwana Rwakabuba alilichimbua lile ombi la mwaka 2004 na kulijibu: limekubaliwa. Meza sasa ingeweza kutoka nzima. Ila haikuwa na pa kwenda. Ofisi ya Mbarara ilijitolea kuipokea na kuiweka ukumbini chini ya kioo, na Anselme alikataa kwa adabu, akieleza kwamba reli isiyoguswa hufa kwa vumbi kama pampu isiyofunguliwa, na kwamba yeye hawezi kusafiri hadi Mbarara kila asubuhi kumrudisha ng'ombe kilimani.

Kwa hiyo aliamua kuikata. Vipande vinne vingeingia nyumbani vikiegemezwa ukutani nyuma ya kabati. Mwanzoni mwa mwezi huu aliazima msumeno kwa seremala Gatete na kuchora mstari wa chaki juu ya meza. Mstari ulipita katikati ya stesheni. Akaufuta, akauchora pembeni. Ukapita kwenye daraja. Akaufuta tena. Bi Kantengwa, aliyekuwa akijifunza kazi siku hizo, anasema kwamba kwa wiki nzima mzee alichora na kufuta, na kwamba safu ya "Sauti" katika fomu ilibaki tupu siku tano mfululizo. Tangu safu hiyo ianzishwe haikuwahi kubaki tupu. Siku ya sita, Ijumaa tarehe 12, mstari ulirudi stesheni, katikati ya benchi, na haukufutwa. Msumeno uliwekwa juu ya meza. Ungetumika Jumatatu.

Mchana ule Mama Mariette alileta chakula kama kawaida. Alikiweka juu ya pampu ya kwanza. Kisha, kwa mara ya kwanza kwa ushahidi wa mtu yeyote, akaigeukia meza. Aliufuata mstari wa chaki kwa macho kutoka ukingo hadi ukingo. Akauliza msumeno ni wa nani, akajibiwa ni wa Gatete, akaondoka nao, akisema anaurudisha.

Jumamosi Anselme alikuwa zamu tangu alfajiri. Aliporudi nyumbani saa kumi na mbili jioni aliona kutoka barabarani kitu ambacho mwenye nyumba haonyeshwi: viti vyake vinne, kabati lake, na mkewe akinywa chai. Ukuta wote wa mbele wa sebule haukuwepo. Matofali ya udongo yalikuwa yamepangwa vizuri kando ya njia, na akina mama kumi na wawili wa kwaya, vumbi hadi kwenye kope, walikuwa wakipanga mawe ya msingi mpya mita mbili mbele ya ule wa zamani. Alisimama pale barabarani.

"Niliona mustari yako ya chaki," akasema Mama Mariette. "Ukikata ile gare, utakuwa unaiangalia kila siku vile imepasuka, na mimi njo nitakuwa naangalia weye. Sitaki. Ukuta ya kwangu haiombake ruhusa Mbarara. Lete yote."

Anselme aliingia ndani kwa kupitia pale ambapo palikuwa na dirisha, akanawa, akaanza kubeba mawe.

Jumatano wiki hii, ukuta wa nyumba ya pampu ulitobolewa kwa kibali halali, na meza ikatoka. Ilibebwa na wanaume wanane, ikiwa imefunikwa blanketi kuzuia vumbi, na Bwana Anselme akafuata nyuma kwa suti, kwa sababu alitoka moja kwa moja kwenye mkutano wa makabidhiano. Yeyote aliyewahi kuishi Nakivale anaelewa msafara wa namna hiyo unafananaje. Kutoka Base Camp hadi Misiera watu walisimama kando ya njia. Kofia zilivuliwa. Wenye maduka walifunga milango nusu. Mzee mmoja alimshika mkono Pacifique, aliyekuwa amebeba kona ya nyuma, akauliza kwa huzuni ni nani. Pacifique, ambaye pumzi ilikuwa imemwishia, akasema, "Ni gare." Mzee akatikisa kichwa na kuwaambia waliokuwa nyuma yake kwamba ni gari tena, madereva siku hizi hawana huruma. Kabla hawajafika Misiera, watu wapatao mia mbili walikuwa wakifuata, na wengine walikuwa wameanza kuimba. Mama Mariette aliwapokea wote mlangoni, yaani mahali ambapo mlango utakuwa, akawashukuru kwa kuja, na kuwaomba wavue viatu.

Meza imekaa. Ukuta mpya umeinuka kuizunguka na leo asubuhi ulikuwa umefika kwenye madirisha. Mlango tumeupima sisi wenyewe, na tunasikitika kuwaarifu kwamba nao ni mwembamba kuliko meza. Mama Mariette anasema hilo alilipanga.

Bwana Anselme, makao haya yamekunywa maji kwa mikono yako kwa muda ambao watoto waliozaliwa ulipoanza kazi sasa wanabeba watoto wao kuja kuchota. Umetuachia pampu mbili nzima, mafundi kumi na mmoja wanaojua kusikiliza, na safu moja ya fomu ambayo hakuna mhandisi atakayethubutu kuifuta. Kwa yote hayo, Kitengo cha Maji kinakushukuru, na Bwana Rwakabuba anakushukuru kwa niaba yake binafsi. Tunakuombea afya, masikio yaleyale, na miaka mingi ya kuamka bila kuitwa na mtambo. Kuhusu mahali pa kuitumia miaka hiyo, hatuna tena wasiwasi. Nenda nyumbani, Mzee. Nyumba yenyewe imejisogeza ili upate nafasi.